Jinsi Walivyosawazisha Mafungu

Shamba la Wetherall,
Ukingoni mwa Mto Choptank,
Maryland.
Jumatatu, 11 Desemba 1797.

Mpendwa Dada Keziah,

Zipokee salamu zangu kwa mikono miwili, na ukishazipokea umpe kila aliyeketi nyumbani mwako sehemu yake. Habari za homa ya manjano zilitufikia huku mwezi Septemba, tena vipande vipande: leo mtu anasema mtaa wenu umefungwa, kesho mwingine anasema ni mtaa wa jirani. Wiki sita nilikuwa nikisimama njia panda kila gari la barua lilipopita, hata ikafika ile karatasi yako ndogo ikisema kwamba shemeji Cyrus aliugua na amepona. Je, amerudi kazini? Macho yamerudia weupe wake? Na kile kifua cha mama mkwe wako, kinapambanaje na baridi ya Philadelphia?

Sisi huku tu wazima wa mwili. Dorcas mke wangu anakusalimu. Binti yetu Lettie ametimiza miaka tisa na ameota meno mawili makubwa ya mbele, ambayo anayaonyesha kwa kila mtu bila kuombwa. Mimi bado nakaa katika kibanda changu cha njia panda na kufanya kazi ya mapipa. Mwezi huu ni wa kuchinja nguruwe, kwa hiyo kila shamba linataka mapipa ya nyama ya chumvi, na mikono yangu haina mapumziko.

Dada, barua hii naomba isiwe yako peke yako. Umpe Cyrus, mwenye sauti ya kufika mlangoni, aisome mbele ya wote waliochanga zile pauni thelathini za kumkomboa Dorcas. Ndugu zangu mliokusanyika, wafuaji, wapagazi, mafundi na wauza chaza, mlijinyima ninyi wenyewe kwa ajili ya mwanamke ambaye wengi wenu hamjamwona. Mna haki ya kujua senti zenu zimesimama wapi. Nami nina wajibu wa kuwaambia kweli, hata pale itakaponiaibisha. Atakayeileta ni Bibi Tabitha Yarrow, Mkweka wa dhehebu lile lisilotaka utumwa, mjane mwenye mdomo mzito kuliko kufuli, kwa hiyo naandika bila kujificha.

Mnajua kwamba Bwana Josias Wetherall, mwenye shamba hili na mwenye mke wangu, alifariki mwishoni mwa Agosti. Wasia wake ni mfupi. Ardhi ameachiwa mwanawe Edmund. Vyote vinavyohamishika, yaani mifugo, vyombo na watu, vigawanywe mafungu matatu yaliyo sawa: moja la mjane wake Bibi Arianna, moja la Edmund, na moja la binti yake Henrietta, aliyeolewa na Bwana Colquitt wa Georgia. Hilo jina la mwisho ndilo lililowanyima watu usingizi hapa tangu siku ya mazishi. Atakayeangukia kwa Bibi atabaki hapa. Atakayeangukia kwa Edmund atabaki hapa. Fungu la Colquitt litaondoka siku ya pili ya Krismasi kwenda kwenye mashamba ya pamba, na kati ya waliowahi kuchukuliwa huko hajarudi hata mmoja kutusimulia kukoje.

Wakadiriaji watatu wa mahakama walikuja mwezi Oktoba kuvipa vitu thamani, wakiongozwa na Bwana Lemuel Stark. Walianza ghalani, wakaja jikoni, kisha wakatupanga uani. Nasema wakatupanga, ingawa mimi ni huru na nilisimama kando, kwa sababu mtu haoni mkewe akikaguliwa meno akabaki kando. Walipomfikia Shangazi Phillis, aliyemnyonyesha marehemu mwenyewe, Bwana Stark alimtazama kidogo tu, akamwambia karani, "Huyu andika hana thamani."

Shangazi akauliza, "Na lile birika lililotoboka pale dirishani, bwana, mmeliandikaje?"

"Shilingi mbili."

"Haya. Basi kesho alfajiri mkitaka chai, mliamshe birika liwashe moto."

Hata karani alicheka. Shangazi hakucheka.

Sasa nifike kwenye jambo langu. Dorcas ni mfumaji. Kwenye kitanda cha kufumia hana mwenzake katika kingo zote mbili za mto huu, na mfumaji wa namna hiyo huandikwa pauni themanini na zaidi. Sisi tunazo thelathini. Nikapiga hesabu ya maskini: kama bei haishuki kwa huruma, na ishuke kwa kikohozi. Nilimwambia alale kitandani siku kumi na moja kabla ya wakadiriaji kufika, apake masizi chini ya macho, na akohoe kila asikiapo kiatu cha mzungu.

Alinijibu, "Shadrach, mimi sijui kuugua. Sijawahi kupewa nafasi."

"Utajifunza, mke wangu."

Alijifunza mno. Nace, yule kijana wa majembe, alimwambia, "Shemeji, usikohoe hivyo karibu na zizi, utatushushia bei hata nguruwe." Bwana Stark alisikiliza kifua chake kwa mbali, leso puani, akasema mapafu yameoza. Waliandika pauni ishirini na mbili.

Msiniulize kwa nini sikuanza kumkomboa mtoto. Sheria ya hapa humfanya mtoto aifuate hali ya mama yake. Mama akiwa huru, kila atakayemzaa baada ya hapo atazaliwa huru, na Lettie tungemfanyia kazi sisi wawili. Ndivyo nilivyopanga. Jana nilisikia kwa karani kwamba wamewaweka mama na mtoto katika fungu moja, la pili, na kura itapigwa Jumamosi. Yeyote atakayelipata, Bibi, Edmund au hata Colquitt, atafurahi kumwuza mgonjwa kwa fedha taslimu.

Nawaandikia haya kwa furaha isiyotulia, ndugu zangu. Nimeinuka mara nne kutoka kwenye kiti hiki kwenda kutazama barabara, na barabarani hakuna kitu.

Jumatano, 13 Desemba

Karatasi ni ghali, siwezi kuanza upya. Yasomeni niliyoyaandika juzi jinsi yalivyo, mpate kujua nilikuwa mpumbavu wa kiasi gani.

Leo mchana, wakati naziba mifuniko ya mapipa ya nyama, kengele ya shamba ililia. Bwana Stark alisimama kwenye ngazi za nyumba kubwa akasoma mafungu kwa sauti, jina baada ya jina, katikati ya watu akiingiza ng'ombe, kwa maana ndivyo vilivyopangwa katika karatasi yake. Katika fungu la pili nilisikia, "Dorcas, mfumaji, mgonjwa." Nikangoja jina linalofuata. Jina lililofuata lilikuwa Nace. Lettie alisomwa katika fungu la kwanza, baada ya farasi jike mwenye chongo.

Nilivua kofia nikamwendea Bwana Edmund. Tumekua pamoja, yeye na mimi. Tumeiba mapichi ya baba yake pamoja, ingawa aliyechapwa alikuwa mmoja.

"Bwana Edmund, mtoto ana miaka tisa. Nilisikia yuko pamoja na mama yake."

"Alikuwa, Shadrach. Lakini mkeo ametoboa fungu la pili. Tulipojumlisha, likawa jepesi kuliko mengine. Wasia unasema sawa. Tumemtoa mtoto, tumemtia Nace mahali pake, sasa yamelingana. Au ulitaka tumdhulumu dada yangu?"

"Na kama mke wangu angekuwa mzima?"

"Angekuwa mzima tusingegusa kitu."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama fundi anayemweleza mwenye nyumba kwa nini dirisha limepinda.

Ndugu mliokusanyika, hapa ndipo ninapoona aibu mbele yenu. Kosa hili asingelifanya mtu wa nje. Mtu wa nje angelilia na kuomba. Sisi tuliozaliwa ndani ya vitabu vya hesabu vya watu wengine tumejifunza kuzichezea bei zetu kama wao wanavyozichezea, tukadhani tumepata werevu. Nilishusha bei ya mama, nayo mizani ikamdai mtoto.

Nilimkuta Dorcas chumba cha kufumia, bado amejifunika blanketi la ugonjwa wake. Alikuwa ameshasikia.

"Kwa hiyo ni kikohozi changu kilichomhamisha," akasema.

"Shauri lilikuwa langu."

"Shauri lako, kifua changu."

Nilimweleza kwamba bado hatujapotea. Tukinyamaza, yeye namkomboa kwa vyovyote, kwa kuwa mgonjwa hakuna anayemng'ang'ania. Lettie akiangukia kwa Bibi au kwa Edmund atabaki hapa, tutamwona kila Jumapili, na tutamfanyia kazi. Katika vidole vitatu, viwili ni vyetu.

"Na kidole cha tatu?"

Bwana Colquitt, aliyekuja na mkewe kuchukua urithi, ameshatangaza mezani, mbele ya wapishi, kwamba watoto hauzi. Vidole vidogo ndivyo vinavyochambua pamba vizuri.

"Nikisema kweli," akauliza, "watamrudisha kwangu?"

"Watamrudisha. Lakini wewe utakuwa pauni themanini, na fungu lenu likienda Georgia mtakwenda wote wawili, nami sitakuwa na cha kuwazuia."

Akaniambia nirudi kwenye mapipa yangu, nyama isije ikaharibika.

Tangu hapo natembea. Nimeuzunguka uzio wa shamba la ngano mara mbili. Moyo wangu unataka anyamaze, na ninauonea haya moyo wangu.

Jumamosi, 16 Desemba

Yamekwisha. Nitayasema kwa mpangilio, kwa maana nisipoyapanga yatanikimbia.

Juzi, Alhamisi, wakadiriaji walirudi kugawa vyombo vya nyumbani. Nilikuwa barazani nikifunga pipa la Bibi, na mabishano yao niliyasikia yote. Henrietta alikuwa amelikumbatia kasha la saa kubwa ya ukutani.

"Saa hii Baba aliniahidi!"

"Alikuahidi ukiwa na miaka sita," Edmund akamjibu, "ili uache kulia."

"Basi nitalia tena!"

"Lia. Colquitt amezoea."

Hapo ndipo mlio ulipotoka chumba cha kufumia: kitanda kikigonga, tak, tak, bila kusita, mlio ambao nyumba ile haikuwa imeusikia tangu Oktoba. Bibi Arianna aliinua kichwa. "Nani anafuma?" Wote wakatoka, nami nikawafuata na nyundo mkononi.

Dorcas alikuwa ameketi wima. Uso ameosha, kitambaa cha kichwa amekifunga upya, miguu inakanyaga na mikono inarusha uzi kama siku ya arusi. Aliwaacha wasimame. Aliumaliza mstari wake, ndipo akageuka.

"Si wewe yule wa mapafu?" Bwana Stark akauliza.

"Ndimi, bwana."

"Umepona lini?"

"Jana, bwana. Mlipokuwa mkisoma mafungu."

Edmund akawa mwekundu hadi masikioni. "Ulitudanganya!"

"Niliwadanganya, bwana. Sasa nawaambia kweli. Mkiweza kuandika uongo wangu, mnaweza kuandika na hii."

Nilidhani atapigwa pale pale. Lakini siku ile Dorcas hakuwa mali ya mtu mmoja aliye hai. Kura ilikuwa bado, na hakuna mrithi aliyetaka kuharibu kitu ambacho huenda kikawa chake. Ndiyo iliyomwokoa. Bibi Arianna alisema tu, "Mashuka yangu yote kayafuma huyu, hata lile tulilomzikia Josias. Mimi nilishangaa hayo mapafu yameoza lini." Na Bwana Stark, ambaye naamini alikuwa amechoka kusikia habari za saa ya ukutani, alicheka kwa sauti.

"Karani, futa. Andika themanini na tano."

Karani akaandika, akajumlisha, akakuna kichwa. "Sasa fungu la pili limezidi, bwana."

"Basi mrudishe Nace la kwanza, umlete yule mtoto."

Kalamu ilipita mara mbili. Lettie, aliyekuwa bandani akichambua sufu, alirudi kwa mama yake bila kujua kwamba alikuwa ameondoka.

Nace alinipita uani. Nikamwomba radhi kwa kumsukasuka. "Usijali, fundi," akasema. "Wiki hii nimehama mara mbili wala sijafunga mzigo."

Leo asubuhi kura imepigwa chumba cha kulia chakula. Tuliruhusiwa kusimama ukumbini, mlango umeachwa wazi. Niwaambieni jinsi sala zilivyokuwa zinagongana pale, ndugu zangu: wa fungu la kwanza wakiomba Georgia iangukie la tatu, wa la tatu wakiomba iangukie la pili, kila mmoja kwa jina la Bwana yule yule. Niliomba na mimi. Sina hakika niliomba kitu cha haki.

Karatasi tatu zilikunjwa zikatiwa katika kofia ya Bwana Stark. Bibi Arianna alitangulia kwa heshima ya ujane wake. Akafungua, akasoma: la tatu. Edmund akafuata: la kwanza. Bwana Colquitt hakutia mkono. Aliigeuza kofia, akaikung'uta karatasi iliyobaki juu ya meza, wala hakuifungua. Kila mtu anajua kuhesabu mpaka tatu.

Dorcas alinishika kiwiko. Lettie akauliza, "Baba, tumeshinda?"

Jumanne, 19 Desemba

Dada Keziah, sehemu hii ni yako zaidi, ingawa wote na waisikie.

Jana nilimwendea Bwana Colquitt na pauni thelathini zenu, nikiwa nimezifunga katika kitambaa. Nilijua Dorcas hatoshi humo. Nilimwomba aniuzie Lettie. Nilimwomba kwa adabu yote niliyofundishwa na Wakweka, na ilipokwisha nikamwomba kwa magoti.

Aliniambia, "Inuka, fundi. Mfumaji wa pauni themanini na tano, mwenye akili ya kuwadanganya watu watatu wa mahakama, nitamzuiaje asitoroke? Mtoto ndiye kamba yake. Nani anauza kamba akabaki na farasi?"

Kisha akanitazama mikono. Jirani zake wa huko pwani wanapakia mchele katika mapipa, na mafundi ni wachache. Akaniambia nikitaka kufuatana naye atanipa kazi ya ujira, kwa mkataba. Hakuficha sababu. "Mume ni kamba ya pili," akasema.

Nilirudi kwa Dorcas nikamweleza.

"Utakwenda Georgia kufanya nini?" akauliza.

"Mapipa."

"Kule ni pamba. Nani anatia pamba kwenye pipa?"

"Kuna mchele pia."

"Na mchele ukikosekana?"

"Nitatengeneza mapipa matupu, nikae karibu."

Alicheka, kwa mara ya kwanza tangu Oktoba, kisha kicheko kikamgeukia. Alinikataza. Alisema mtu huru akiingia kule huweza kukamatwa njiani na karatasi yake ya uhuru ikachanwa mbele ya macho yake, na hapo tutakuwa watatu badala ya wawili, na nani atamkomboa nani? Yote hayo ni kweli. Nilimwuliza kama Alhamisi, alipokiketia kile kitanda cha kufumia, alipiga hesabu ya namna hiyo.

Nakwenda, Dada. Mkataba nimeutia sahihi leo mbele ya Bwana Stark, kwa jina langu kamili, si kwa alama ya msalaba.

Ninajua ninachokifanya mbele yako. Ulifua nguo za watu miaka kumi na mmoja, ukapasuka vidole kwa magadi, ukanitoa mimi utumwani kwanza na wewe mwenyewe ukabaki nyuma mwaka mzima. Uhuru huu si mali yangu peke yangu niubebe popote nipendapo. Kama ningekuwa na wiki tatu ningengoja jibu lako. Sina, gari linaondoka Jumanne ijayo. Kwa hiyo naomba msamaha mahali pa ruhusa, na naomba uniombee kwa wazee wetu waliolala. Kama huwezi kunisamehe mwaka huu, usijilazimishe. Lakini usiache kuniandikia.

Ndani ya barua hii nimekunja nakala ya cheti changu cha uhuru, yenye muhuri wa mahakama. Iwekeni mahali pakavu. Nitaandika kila mwezi, hata mstari mmoja. Ikipita miezi sita bila mstari, wapelekeeni nakala hiyo wale Wakweka wanaowatetea watu mahakamani. Msimtume yeyote kati yetu kunifuata, hata akijitolea. Cyrus, shemeji yangu, nakujua: wewe hasa usije.

Ndugu zangu mliochanga, fedha zenu anazo Bibi Tabitha, zote thelathini, katika kitambaa kile kile. Mlizitoa ili mtu atoke utumwani, nami sitazipeleka mahali ambapo anayezikuta mfukoni mwangu atasema nimeziiba. Ziwekeni, na mpendapo mziongeze. Bei ya Dorcas mnaijua sasa, nayo ni ya haki, kama neno hilo linaweza kukaa hapo. Ama mkimpata mwingine anayetosha katika thelathini, mtoeni huyo. Dorcas mwenyewe ndiye aliyesema niandike hivyo.

Mimi nitatembea kwa miguu, gari limejaa. Kitanda cha kufumia kimevunjwa vipande na kufungwa, na ile saa ya ukutani nayo inakwenda, kwa kuwa Henrietta alilia kama alivyoahidi. Lettie amepimiwa nafasi juu ya sanduku langu la zana. Amefurahi kwamba ataona bahari. Hakuna aliyemwambia ataiona; amejiambia mwenyewe.

Nisalimie mama mkwe wako, na ajifunike kifua. Msalimie Cyrus, na watoto wenu Hosea na Patience. Shangazi Phillis anakusalimu. Yeye ameangukia kwa Bibi, bure, kama nyongeza ya dukani, na amesema jikoni ataanza kuamka saa nne. Nace anawasalimu bila kuwajua.

Niliposema ninafunga barua, nilimwuliza Dorcas kama ana neno kwenu ninyi mliojinyima kwa ajili yake. Alikuwa akimsuka Lettie nywele, na hakuinua kichwa. Alisema, "Waambie walinitafutia mlango, nami niliwaona wakiushikilia wazi. Waambie niliuacha mwenyewe. Waambie mtoto yuko mikononi mwangu hivi ninavyosema."

Mungu aliyewavusha katika homa awalinde ninyi mlio kaskazini, na asigeuze uso wake akituona sisi tukishuka kusini.

Ni mimi, mdogo wako uliyemnunua, ambaye hajaacha kukupenda,

Shadrach Pinder